Kinatay ya Brillante Mendoza: mapokezi yake yaandikwe vipi bila kurudia ugomvi wa Cannes?

MsomaSkrini

Wakuu, salaam. Naandaa makala ya maneno kama 1,500 juu ya jinsi wahakiki walivyoipokea Kinatay, filamu ya 2009 ya mwongozaji Mfilipino Brillante Mendoza. Kila ninaposoma nakutana na mambo matatu yale yale: mhakiki wa Chicago Roger Ebert aliiponda, mwongozaji Quentin Tarantino aliisifu kwa barua, na jopo la majaji la tamasha la Cannes, Ufaransa, chini ya mwigizaji Isabelle Huppert likampa Mendoza tuzo ya mwongozaji bora. Kisha mwandishi anasema filamu "imewagawa watu" na kufunga ukurasa. Hakuna anayeeleza wamegawanyika juu ya nini hasa.

Kwa wasioijua: Peping (Coco Martin), kijana anayesomea upolisi jijini Manila, anafunga ndoa asubuhi na mama wa mtoto wake. Usiku rafiki anamwita kwenye kibarua cha hela ya haraka. Anajikuta ndani ya vani pamoja na polisi na watu wao, wakiwa wamemteka mwanamke wa baa anayeitwa Madonna (Maria Isabel Lopez) kwa deni la dawa za kulevya. Wanamtoa nje ya mji, wanambaka, wanamuua na kumkatakata. Peping hazuii, wala haondoki.

Ninachouliza: nizipange vipi tahakiki hizi? Alama za wastani zinazokusanywa mitandaoni zina maana yoyote kwa filamu ya namna hii? Na Wafilipino wenyewe walisema nini, maana makala nyingi zinaishia Ufaransa.

---

Reli_ya_Pili

Mkuu, anza na tarehe kabla ya majina. Chora jedwali la safu nne: tahakiki iliandikwa lini, mwandishi aliiona filamu wapi, alikuwa na muda gani wa kuandika, na ni kitu gani ndani ya filamu anachokilalamikia au kukisifu. Safu tatu za kwanza utazijaza jioni moja. Ya nne ndiyo kazi yenyewe, na utashangaa jinsi itakavyobaki tupu kwa tahakiki nyingi za wiki ile.

Sababu ni utaratibu wa tamasha. Cannes ya 2009 ilifanyika tarehe 13 hadi 24 Mei. Miaka hiyo, na hadi 2017, waandishi walionyeshwa filamu za mashindano kabla ya onyesho rasmi la usiku, nyingine alfajiri kabisa. Mhakiki anaona filamu tatu au nne kwa siku na gazeti linataka maneno jioni. Kwa hiyo kelele za kuzomea unazosoma habari zake hutoka kwa kawaida kwenye ukumbi wa waandishi, na makofi hutoka kwenye onyesho rasmi ambako mwongozaji na waigizaji wake wamekaa humo humo na heshima inadai watu wasimame. Ukiandika "watu walizomea" au "watu walishangilia" bila kusema onyesho lipi, hujasema kitu.

Ebert aliandika kwenye blogu yake akiwa huko huko tamashani. Alisema filamu hii inamlazimu kumwomba radhi mwongozaji Vincent Gallo, kwa kuwa aliwahi kuiita filamu yake, The Brown Bunny, filamu mbaya kuliko zote katika historia ya Cannes. Sentensi hiyo hunukuliwa kila mahali, lakini wanaoinukuu husahau nusu ya pili ya mkasa wa Gallo. The Brown Bunny ilionyeshwa Cannes 2003. Baadaye Gallo akapunguza kiasi cha dakika 25, na 2004 Ebert akaona toleo jipya na kulisifu. Maana yake kipimo alichotumia kwa Kinatay kilikuwa cha filamu ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameshaibadilishia hukumu. Hilo halimtetei Mendoza hata kidogo, lakini msomaji anastahili kulijua.

Angalia pia majirani wa filamu kwenye ratiba. Mashindano yale yale yalikuwa na Antichrist ya Lars von Trier na Enter the Void ya Gaspar Noé. Magazeti yalikuwa yanaandika tayari juu ya tamasha la damu, na Kinatay ikatiwa kwenye kapu hilo. Wakati zinatofautiana sana. Von Trier anaonyesha jeraha kwa karibu, likiwa na mwanga. Mendoza anaficha sehemu kubwa kwenye giza, na mengi unayasikia zaidi ya kuyaona. Mhakiki akilalamikia "ukatili wa kupindukia", soma tena: anaeleza alichokiona, au alichokisikia akakimalizia kichwani mwake?

Sasa kiini, na hapa ndipo ningejenga makala yote. Lawama za Ebert na sifa za Tarantino zinakutana kwenye uamuzi mmoja wa kiufundi: safari ya usiku. Mwandishi wa skripti, Armando Lao, alijulikana kwa mbinu ya hadithi inayofuata mahali na muda halisi badala ya kuruka kutoka tukio kubwa hadi tukio kubwa. Sehemu ya mchana ina jua, soko, ndoa ya serikali, mtu aliyepanda bango la matangazo akitaka kujirusha huku waandishi wa televisheni wakimngoja. Mikato ni ya haraka. Jua likizama, filamu inapunguza mwendo. Vani inatoka Manila kuelekea mkoa wa Bulacan na kamera ya mpiga picha Odyssey Flores inabaki ndani: taa za magari, muungurumo wa injini, nusu ya uso wa Peping. Dakika baada ya dakika, bila kuruka.

Kwa kila tahakiki, jiulize: mwandishi anaichukulia dakika zile kama kosa la uhariri au kama ndiyo filamu yenyewe? Wanaokataa wana hoja tatu tofauti, usizichanganye. Ya kwanza, mtazamaji ameelewa mapema na muda unaobaki ni adhabu tu. Ya pili, ishara zimepigwa nyundo mno: kijana anavaa fulana ya chuo yenye maneno juu ya uadilifu, kana kwamba hatujaelewa. Ya tatu, Madonna si mtu kwenye filamu hii. Amewekwa ili dhamiri ya Peping ipate mahali pa kuteseka. Wanaokubali wanasema mtazamaji amekalishwa kiti kimoja na Peping, na kama yeye, mlango anauona lakini haondoki. (Kuna wakati Peping anatumwa nje kununua vitu na angeweza kutoroka. Mhakiki asiyetaja kipande hicho, mtilie shaka kidogo.)

Kwa maoni yangu hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo inayopatikana kwa shida zaidi kwenye maandishi ya wiki ya kwanza. Wengi walikuwa na haraka ya kueleza jinsi wao walivyoteseka kwenye viti.

---

FundiMwanga

Niongeze upande wa namba na upande wa nakala utakayoitazama, maana vyote viwili huharibu makala.

Namba kwanza. Tovuti za asilimia zinahesabu tu "amependa" na "hakupenda". Filamu yenye tahakiki 20 inapanda au kushuka pointi 5 kwa mtu mmoja kubadili upande. Jedwali za nyota zinazochapishwa wakati wa tamasha nazo zina mtego wake: wahakiki watano wakitoa nyota 4 na watano wakitoa 0, wastani ni 2, sawasawa na wote kumi kutoa 2. Filamu ya kwanza ni vita, ya pili ni usingizi. Ukiona jedwali la nyota, puuza wastani na uangalie jinsi alama zilivyotawanyika.

Nakala sasa. Zaidi ya nusu ya Kinatay ni giza, kwa hiyo ukiitazama kwenye faili lililobanwa sana utaona vipande vya mraba vyeusi vikicheza, kisha utaandika kwamba "picha ni mbovu" kumbe ubovu ni wa faili. Fanya hivi:

– Zima taa za chumba zote na funga pazia. Mwanga wowote unaogonga skrini unafuta tofauti kati ya nyeusi na kijivu cha mwisho.
– Kwenye televisheni zima vipengele vya kuongeza utofauti wa mwanga vyenyewe, kupunguza chengachenga na kulainisha mwendo. Hicho cha mwisho kinaifanya kamera ya mkononi ionekane kama tamthilia ya mchana.
– Ukiunganisha kompyuta kwa HDMI, hakikisha pande zote mbili zimewekwa kiwango kimoja cha rangi. Video hutumia viwango vya 16 (weusi) hadi 235 (weupe). Kompyuta hutumia 0 hadi 255. Televisheni ikidhani inapokea 16–235 wakati kompyuta inatuma 0–255, kila kilicho chini ya 16 kinakuwa weusi mtupu, na uso wa Peping ndani ya vani unapotea kabisa. Ikiwa kinyume, weusi unakuwa kijivu kama moshi na giza lote linakosa uzito.
– Sauti: tumia vifaa vya masikioni vilivyofunika sikio, au spika zenye besi. Pandisha hadi mazungumzo ya sehemu ya ndoa yasikike kama watu waliomo chumbani, kisha usiguse tena. Ukishusha injini inapoanza kukukera, umeshaihariri filamu.

Na kabla ya kudai kuna toleo lililokatwa, piga hesabu. Filamu ya dakika 110 kwa fremu 24 kwa sekunde, ikihamishiwa DVD ya Ulaya ya fremu 25, inakuwa dakika 105 na nusu bila kipande chochote kuondolewa. Sauti nayo inapanda kidogo. Watu wameandika aya nzima za "udhibiti" kwa sababu ya asilimia 4 hizo.

Itazame mara mbili. Mara ya kwanza usiandike chochote. Mara ya pili weka saa na uandike dakika ya kila mpito: jua linapozama, mlango wa vani unapofungwa, gari linaposimama, gari linaporudi mjini. Ukishakuwa na namba hizo, mhakiki anayesema "saa nzima barabarani" utaweza kumpima.

---

Sinema_Kisosora

Hapa juu mmeijibu Cannes vizuri. Upande wa Ufilipino hoja ilikuwa nyingine kabisa, na ni ya zamani kuliko Mendoza.

Mwongozaji Mfilipino Lino Brocka alipopeleka filamu yake Insiang Cannes mwaka 1978, na baadaye Jaguar (1980) na Bayan Ko (1984) zilipoingia kwenye mashindano, tayari kulikuwa na mvutano na utawala wa Rais Ferdinand Marcos juu ya nani anaruhusiwa kuonyesha vitongoji duni vya Manila kwa wageni. Mkewe, Imelda Marcos, alitaka sanaa ionyeshe ukweli, wema na uzuri, kwa maana yake yeye ya ukweli. Baada ya 1984 Ufilipino haikuwa na filamu kwenye mashindano makuu hadi Serbis ya Mendoza huyo huyo, 2008. Mwaka uliofuata Kinatay ikashinda, na Mendoza akawa Mfilipino wa kwanza kupata tuzo ya uongozaji pale. Kwa hiyo nyumbani swali halikuwa kama safari ya vani ni ndefu mno. Lilikuwa: kwa nini tuzo za nje zinakuja pale tu tunapoonyesha uchafu wetu? Wanaita kuuza umaskini kwa matamasha.

Ukitaka kuliona swali hilo likijadiliwa kwa akili, acha magazeti kidogo uangalie Ang Babae sa Septic Tank ya Marlon Rivera, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Cinemalaya, Ufilipino, 2011. Ni vichekesho kuhusu vijana wanaopanga filamu ya mama maskini anayeuza mtoto, wakihesabu tayari matamasha ya nje watakayokwenda. Haimtaji Mendoza lakini kila mtazamaji wa Manila alijua upepo unavuma kutoka wapi. Hiyo ni tahakiki kamili, imeandikwa kwa kamera.

Pili, usisahau ukumbi. Bodi ya serikali ya kupanga madaraja ya filamu, MTRCB, iliundwa kwa amri ya rais namba 1986 ya mwaka 1985 (namba ni 1986, mwaka ni 1985, wengi wanachanganya). Daraja la X maana yake filamu haionyeshwi hadharani. R-18, ya watu wa miaka 18 na zaidi, inaruhusiwa, lakini kwa miaka mingi kumbi nyingi za ndani ya maduka makubwa hazikutaka R-18, na huko ndiko watu wanakokwenda sinema. Taasisi ya Filamu ya Chuo Kikuu cha Ufilipino, Diliman, inaonyesha filamu bila kupitia mkasi wa bodi. Matokeo yake filamu za aina hii hujadiliwa na wanachuo na wahakiki, huku umma ukipata habari za tuzo tu. Ukiandika "Wafilipino waliikataa", utaulizwa Wafilipino wapi.

Kwa maoni ya wahakiki wa humo, tafuta kundi la Manunuri ng Pelikulang Pilipino, lililoanzishwa 1976, ambalo hutoa tuzo za Gawad Urian. Hao ndio wanaomsoma Mendoza wakiwa na Brocka kichwani. Mhakiki wa Chicago anamsoma akiwa na Gallo.

---

Kamba_Nyekundu

Sinema_Kisosora, hapo pa umaskini napinga kidogo. Hoja hiyo inazifaa filamu nyingine za Mendoza, Serbis au Tirador. Kinatay haiuzi umaskini, inahusu polisi. Peping ana chuo, ana sare ya kuvaa kesho, ana mtoto na mke, na ndiyo maana anafaa kuajiriwa na wauaji. Wanaomuua Madonna wana gari, simu na mamlaka. Mhakiki akiiweka kwenye rafu ya filamu za vitongoji duni kwa sababu tu imetoka Manila, amefanya uvivu, awe wa Paris au wa Quezon City.

Kisha kuna usomaji wa baadaye ambao makala yako haiwezi kuukwepa. Mwaka 2016 Mendoza alitoa Ma' Rosa, polisi tena, safari hii wakikamua familia hela, na Jaclyn Jose akapata tuzo ya mwigizaji bora wa kike Cannes. Mwezi Julai mwaka huo huo Mendoza akaongoza matangazo ya hotuba ya kwanza ya Rais Duterte mbele ya bunge, na 2018 ikaja Amo, tamthilia ya Netflix kuhusu vita dhidi ya dawa za kulevya, iliyolaumiwa na waliosema inavipa vita hivyo sura nzuri. Tangu hapo wapo wanaorudi kwenye Kinatay na kuuliza: je, kamera inayokaa kimya ndani ya vani inashuhudia, au inakubali? Swali hilo lisingeweza kuulizwa namna hiyo Mei 2009. (Na Coco Martin, aliyekuwa Peping, kuanzia 2015 hadi 2022 alikuwa polisi shujaa wa televisheni kwenye Ang Probinsyano. Huwezi kutunga.)

---

MsomaSkrini

Asanteni sana. Jedwali nimelielewa. Mawili yamebaki. Naweza kulinganisha na Rafiki, filamu ya Mkenya Wanuri Kahiu, kwa kuwa nayo ilipokelewa Cannes na kukataliwa nyumbani? Na uvumi kwamba Huppert alimpa Mendoza tuzo kwa sababu ya urafiki, niutaje?

---

Reli_ya_Pili

Rafiki iache, au iweke sentensi moja. Mwaka 2018 bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku moja kwa moja kwa sababu ya mapenzi ya wasichana wawili, na mahakama ikaruhusu ionyeshwe siku saba mwezi Septemba ili iweze kuwania Oscar. Pale ugomvi ulikuwa wa sheria na maadili. Hakuna aliyebishana juu ya urefu wa kipande wala kiasi cha mwanga. Ukizilinganisha utalazimika kueleza tofauti kwa maneno 300 ambayo huna.

Uvumi wa Huppert: weka ukweli mbele na msomaji aamue. Majaji walikuwa tisa, miongoni mwao waongozaji kama Nuri Bilge Ceylan, Lee Chang-dong na James Gray. Huppert aliigiza kwenye Captive ya Mendoza, lakini hiyo ilionyeshwa Berlin 2012, miaka mitatu baada ya tuzo. Kwa hiyo andika "jopo lilimpa". Na kumbuka Tarantino hakuwa jaji. Alikuwa mshindani, na filamu yake Inglourious Basterds. Barua yake ni ya mpinzani kwa mpinzani, jambo ambalo kwangu lina uzito zaidi ya maneno yaliyomo. Usiinukuu kutoka kwenye muhtasari wa mtu mwingine. Ukikosa maandishi kamili, sema tu aliusifu uongozaji.

---

FundiMwanga

La mwisho kuhusu tukio la mauaji. Makala nyingi zinalielezea kwa aya mbili za visu na mifuko, kisha zinamlaumu Mendoza kwa kufurahia ukatili. Wewe lieleze kwa kamera: iko wapi chumbani, mwanga unatoka upande gani, inageuka lini kumwangalia Peping na inakaa kwake sekunde ngapi. Zihesabu. Maneno 120 yanatosha, na yaweke kabla ya hukumu ya mhakiki yeyote, ili msomaji awe na kitu cha kupimia Ebert atakapofika.